Siku Chiriku Alipogeuka

Watu walimwita Testi, na jina lenyewe alijitafutia. Kila Jumapili kabla ibada haijaanza alipanda jukwaani, akagonga maikrofoni kwa kidole, akasema "testi, testi, moja mbili" kwa sauti ya mtu anayetangaza vita, na watoto wa viti vya mbele wakamwigiza mpaka mama zao wakawafinya. Ndiye aliyekuwa fundi wa vyombo vya sauti wa kanisa lile tangu lilipokuwa turubai hadi lilipopata ukumbi wa matofali. Siku za kazi alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza redio na spika, na huko pia aliitwa Testi, maana hakuna redio iliyotoka mikononi mwake bila kujaribiwa mbele ya mwenyewe. Mteja akisema basi, nakuamini fundi, yeye hukataa katakata. Usiniamini mimi, humwambia, yaamini masikio yako.

Mtu wa namna hiyo, anayepata riziki yake kwa masikio, alipewa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mchanga alikuwa na kelele za kutosha nyumba tatu, akipayuka toka alfajiri mpaka usingizi umshinde, ndipo wakambandika jina la Chiriku. Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Homa iliondoka, mtoto akabaki, watu wakawaambia wazazi wamshukuru Mungu, nao wakashukuru kweli kweli. Ni baadaye, mama yake alipoangusha sufuria nyuma yake na kushtuka mwenyewe, ndipo alipomwona mtoto anaendelea kuchezea kifuniko hana habari. Jina la Chiriku waliliacha kama lilivyo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulibadilisha.

Testi aliomba. Aliomba kama anavyotafuta waya uliokatika ndani ya redio, akigusa hapa, hapana, akigusa pale, hapana, akianza tena upya bila hasira. Alifunga. Aliweka nadhiri na kuzitimiza kabla hajapewa alichoomba, jambo ambalo hata mkewe, aliyekuwa mwombaji kumshinda, aliliona ni haraka kidogo. Lakini hakuwa mjinga. Huku anaomba, huku alikwenda kupanga foleni kwenye shule ya viziwi.

Ilikuwa shule ndogo yenye bweni dogo, na vitanda vilikuwa vichache kuliko watoto. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mrefu aliyetembea na bunda la funguo kiunoni, ukimsikia kabla hujamwona. Kila Jumamosi aliwafungulia mlango wazazi na watoto waliokuwa wakingoja nafasi, wakafundishwa kusema kwa mikono. Testi na mkewe walijifunza kwa shida, vidole vikiwagomea. Chiriku alijifunza kama aliyekuwa amefungwa mdomo miaka yote ndipo akafunguliwa. Mikono yake ilikuwa na umbea usiosemeka. Njiani kurudi nyumbani alisimulia kila alichokiona, nani kavaa viatu visivyofanana, nani kampa nani kisogo, mpaka baba yake akamwomba apumzishe vidole ale.

Na hatimaye kitanda kikapatikana. Mwalimu Mkuu mwenyewe aliwaonyesha, cha dirishani, na Chiriku akakikalia, akakiruka, akakilalia na viatu. Alikuwa katika umri wa mwisho wa kupokelewa darasa la kwanza, kwa hiyo ilikuwa bahati, na wote walijua ni bahati. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Mambo yalikuwa mazuri, kwa kadiri mambo ya watu kama hao yanavyoweza kuwa mazuri.

Ndipo likaja juma la maombi maalumu.

Wiki hiyo kwaya ililalamika kwamba lile sanduku kubwa la besi, spika ya sauti nzito, linawabana, hawana pa kusimama. Testi akalitazama, akalizunguka, akapata wazo. Jukwaa lilikuwa la mbao, tupu chini. Akakata mbao za ubavuni, akalisukuma sanduku huko ndani, likaingia kama lililopimwa. Kwaya wakamsifu, naye akajisifu pia, maana sauti ilitoka nene kuliko mwanzo. Mtu yeyote wa kazi ile anajua kwamba besi haisikiki kwa masikio peke yake. Inapanda miguuni, inakaa tumboni. Testi mwenyewe aliwahi kumtania mzee mmoja wa kanisa asiyesikia vizuri, kwamba aje akae karibu na besi ahubiriwe kwa magoti.

Siku ya mwisho ya juma lile, Mchungaji aliita wenye shida mbele. Mama Chiriku alimshika mwanawe mkono, wakapanda. Testi alikuwa mahali pake, kwenye meza ya mitambo pembeni mwa jukwaa, juu ya mbao zilezile, vidole vikiwa kwenye swichi za kupandisha na kushusha sauti. Mchungaji alimweka mtoto mikono kichwani, akaomba mpaka shati likamganda mgongoni. Kisha akamgeuza, akamwelekeza uso ukutani, kisogo kwa watu wote, akarudi nyuma hatua kadhaa, akamfanyia Testi ishara aongeze sauti. Testi akaongeza mpaka mwisho.

"Geuka!" Mchungaji alisema.

Chiriku akageuka.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda viti, walikumbatia wasiowajua, kuna mama alivua kilemba akakirusha. Mama Chiriku alianguka pale pale jukwaani. Na Testi, ambaye nyayo zake mwenyewe zilikuwa zimetetemeshwa na neno lile, alivua vidude vya masikioni, akakaa chini, akalia kama mtoto. Katika maisha yake yote hajawahi kufurahi vile. Tulisema hakuwa mjinga, na hakuwa. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha ya namna hiyo hatazami miguu yake.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Chiriku alipoitwa asiitike, walisema masikio yamelala muda mrefu, yanaamka polepole. Alipogeuka mlango ukibamizwa, waliitana kuona. Kwamba mlango ule ulileta upepo, na kwamba mtoto alikuwa akimtazama mama yake usoni muda wote ajue lini anatakiwa ageuke, hayo hakuna aliyeyasema. Wageni walikuja kumwona. Chiriku aliona kwamba akigeuka watu wanacheka na kumbusu, naye ni mtoto, akawa anageukageuka ovyo, hata pasipo na kitu.

Mchungaji aliwapa onyo moja tu, kwa upole. Waache kusema naye kwa mikono, na yeye waikataze mikono yake. Mikono ikiendelea kusema, masikio yatalala tena. Basi Mama Chiriku alimfundisha kukalia mikono. Kila vidole vilipoanza kusimulia, aliishika mikono, akaishusha, akaiweka chini ya mapaja ya mtoto, akambusu shavuni. Mara ya kwanza Chiriku alidhani ni mchezo. Baadaye alielewa kwamba si mchezo, akawa anaikalia mwenyewe, na nyumba ikanyamaza.

Testi akaenda shuleni kurudisha kitanda. Hakutaka kukishikilia ilhali kuna mtoto wa mwenzake anakihitaji. Hilo lilionekana kwake ndiyo shukrani yenyewe. Alimchukua na Chiriku, ili Mwalimu Mkuu naye afurahi.

Mwalimu Mkuu hakufurahi, wala hakubeza. Alimtazama mtoto aliyesimama na mikono nyuma, akafungua bunda la funguo kiunoni.

"Baba Chiriku, niruhusu nipite nyuma yake niziangushe hizi. Mara moja tu."

Hapa ndipo Testi, aliyekuwa akiwakatalia watu wazima kuondoka na redio isiyojaribiwa, alipoweka mkono begani mwa mwanawe na kumvuta kwake.

"Mwalimu, kwa heshima zote, huyu si redio," alisema. "Mungu hajaribiwi."

Mwalimu Mkuu alimweleza kwamba kuna foleni, kwamba kitanda kikitoka kimetoka. Testi akasema anajua, na kwamba anamshukuru sana. Njiani Chiriku aligeuka kulitazama lile dirisha la bweni mpaka walipokata kona, na baba yake akafurahi kwamba anageuka.

Shule ilifunguliwa. Siku si nyingi baadaye besi ikaanza kukoroma, kama mtu mwenye mafua, na Testi akaenda ukumbini mchana mmoja kuitazama. Chiriku alikwenda naye. Alikaa katikati ya jukwaa na vizibo vyake vya soda, akavipanga foleni, na baba yake akatambaa chini ya mbao. Aliona waya umelegea. Aliukaza, akaizima besi kwanza ili ajaribu spika za juu peke yake, akarudi mezani, akashika maikrofoni.

"Testi, testi. Moja mbili."

Spika za juu zililia kwa nguvu, zikamuumiza mwenyewe. Njiwa waliruka kutoka kwenye kenchi za paa. Chiriku alikuwa anapanga vizibo.

Amezama kwenye mchezo, Testi akawaza. Akamwita kwa jina. Jina lilijaa ukumbi likatoka nje, na mtu aliyekuwa akipita na baiskeli alifunga breki akachungulia mlangoni. Chiriku alichukua kizibo chekundu, akakitafutia mahali.

Testi aliiwasha besi. "Chiriku," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mbao zikanguruma, na mtoto akainua kichwa, akageuka, akamtabasamia. Akazima. Akamwita. Hakuna. Akawasha. Akageuka. Alirudia mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, na kila mara mtoto alitabasamu, kwa sababu alidhani sasa wamepata mchezo. Mwishowe akamwinua kwapani, akamshusha kwenye sakafu ya saruji, akamwelekeza uso ukutani kama Mchungaji alivyofanya. Akafungua vyote, vya juu na vya chini, mpaka mwisho, akapiga ukelele wa jina lile moja mpaka koo likakwaruza.

Mtoto alisimama akiutazama ukuta, mikono nyuma, akingoja aambiwe la kufanya.

Testi alizima mitambo. Alitambaa tena chini ya jukwaa, si kwa kazi yoyote, alitaka tu mahali pa kuwa. Aliweka kiganja juu ya ubao aliokata kwa mkono wake. Alijiona mjinga, kisha akajiona mwizi, maana kitanda kile alikuwa amemwibia mwanawe mwenyewe. Halafu hasira ikaja, na haikuwa juu yake peke yake. Kimya cha Mungu alikuwa amekizoea. Miaka yote aliomba bila kujibiwa, akaamka kesho akaomba, wala hakulalamika. Asichoweza kukimeza ni ile furaha. Kama jibu lilikuwa hapana, kwa nini aachwe afurahi kiasi kile, mbele ya watu, mpaka akaenda kwa miguu yake kukirudisha kitu pekee alichokuwa nacho na kusema asante? Alisema hayo kwa sauti, huko chini, akiwa ameegemea sanduku la besi. Yalimrudia mwenyewe.

Alikwenda shuleni siku ileile. Dirishani aliona kitanda kimetandikwa shuka la maua, na mwanasesere mwenye jicho moja amelazwa juu ya mto. Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, na hakusema si nilikwambia, ingawa alikuwa na haki hiyo. Aliuliza tu akimtoa yule aliyeingia, amwambie nini mama yake. Testi akauliza habari za mwakani. Mwalimu Mkuu akatikisa kichwa, akasema mwakani Chiriku atakuwa ameupita umri, na kwamba Jumamosi mlango uko wazi kama zamani. Alimsindikiza mpaka getini, funguo zikilia kiunoni, na Testi alizisikia kila moja.

Alimkuta mkewe anakunja nguo. Alimweleza yote, mbao, besi, saruji, ukelele. Mama Chiriku aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha, kisha akazikunjua akaanza tena.

"Nani alikutuma umjaribu?" aliuliza.

"Sikumjaribu. Nilikuwa natengeneza besi."

"Alikuwa anasikia mpaka leo mchana."

"Hajawahi kusikia, Mama Chiriku. Ni mbao zile."

"Alikuwa anasikia," mkewe alisema, na safari hii alimtazama. "Wewe ndiye uliyezima."

Testi alijua hapo kwamba hamna waya wa kukaza. Mwanamke yule alikuwa ameomba kuliko yeye, sasa alikuwa na pa kuuweka uchungu wake, na mahali penyewe palikuwa yeye mumewe. Hakumlaumu. Angekuwa na mtu wa kumwekea wake, naye angeuweka.

Alimwendea Mchungaji, akidhani labda mtu ndiye huyo. Laiti Mchungaji angekuwa tapeli, Testi angempiga ngumi akapata nafuu. Lakini Mchungaji alilia. Alishika tama pale kitini, machozi yakamtiririka, akasema hakujua habari za besi, anajuaje yeye habari za besi. Kisha akapangusa uso, akasema Mungu ana wakati wake, na akaomba jambo moja. Ushuhuda wa Chiriku umewatia watu wengi nguvu, wengine wanakuja Jumapili kutoka mbali na wagonjwa wao, basi asiwavunje moyo kwa sasa. Asiseme lolote mpaka Jumapili ipite.

Ilipofika Jumapili Testi alikwenda, maana mtu akikosa pa kwenda huenda kazini. Alipanda jukwaani mapema, akagonga maikrofoni. Safari hii hakusema testi. Alipuliza tu, ikasikika, akashuka.

Chiriku alikaa kando yake kwenye meza ya mitambo, kwa gauni jipya, mikono ameikalia. Mama yake alikaa mbali, upande wa pili, na hakuwatazama. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mchungaji hakuhubiri sana. Aliwaambia watu wasimame, kila mmoja amlilie Mungu kwa shida yake. Wakasimama. Ngurumo iliyotokea ilifanya mishale ya kupimia sauti kwenye mitambo igonge mwisho. Hiyo aliisikia Testi. Chiriku aliona umati wa watu waliofumba macho, nyuso zimeelekea darini, midomo wazi.

Alichomoa mkono mmoja chini ya paja, kisha wa pili. Baba yake alimwona, na hakuishika.

"Wanafanya nini?" Chiriku aliuliza kwa vidole.

"Wanamwita Mungu," Testi akajibu. Vidole vyake vilikuwa vizito kwa kukaa bila kazi, ikabidi aanze neno upya.

Chiriku alitazama darini walikokuwa wakitazama. Alitazama sana, na kenchi zote akazipitia.

"Hageuki," alisema.

Testi akainamia mitambo, lakini mtoto alimvuta mkono wa shati ili amtazame.

"Labda hasikii. Kama mimi." Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayesaidia wakubwa kutafuta kitu kilichopotea. "Mimi mkinitaka, mnanigusa hapa." Akajigusa bega. "Yeye mnamgusa wapi?"

Testi alitafuta. Alirudi nyuma katika maombi yake yote, mifungo, nadhiri, akigusa hapa, hapana, akigusa pale, hapana. Mtoto alikuwa anangoja, ameyakodolea macho mikono yake. Mikono ile ikafunguka, viganja juu, haina kitu.

"Sijui," alimwambia.

Pale mbele Mchungaji aliinua mkono, akamfanyia ishara aongeze sauti. Vidole vya Testi viliijua ile ishara kuliko vilivyomjua mwenyewe, vikaongeza. Besi ikapita chini ya mbao, ikapanda miguuni mwa meza, miguuni mwa kiti, na Chiriku, aliyekuwa bado ameinua mikono, akageuka kutazama jukwaani. Mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyempakata mtoto wake mgonjwa, alifumbua macho wakati uleule akamwona. Akamtikisa jirani yake, akamwonyesha kwa kidole, na wote wawili wakaanza kulia kwa furaha.